Nilivyomalizia tasnifu kwenye Debian iliyo ndani ya simu

Umeme ulikatika tukiwa tunakula. Uliporudi, ulirudi kwa nguvu mpaka balbu ya hosteli ikamweka na kufa, na laptopu yangu, ambayo kwa uvivu niliiacha kwenye chaji, ikafa nayo. Kesho yake fundi mmoja pale Msamvu aliifungua, akaisogeza puani kabla hata ya kushika mita.

"Bodi imekwenda, dada. Hebu sikia harufu."

Bodi ya mtumba ilikuwa shilingi 280,000. Mimi nilikuwa na wiki tisa za kuwasilisha tasnifu na akiba isiyofika hata nusu ya hela hiyo. Nilichobaki nacho ni simu: RAM gigabaiti 6, hifadhi 128, Android 13. Faili zangu zilipona kwa sababu nina tabia ya kujitumia kila sura kwa barua pepe.

Wenzangu walinishauri niandikie kwenye programu za ofisi za simu. Nilijaribu siku mbili. Aya unaandika vizuri tu. Balaa linaanza ukitaka orodha ya yaliyomo ijitengeneze, majedwali yajipe namba, na kurasa za mwanzo zihesabiwe kwa namba za Kirumi. Tena nilikuwa na madodoso 214 ya wakulima wa nyanya wa Mgeta yanayosubiri kuchambuliwa. SPSS, programu ya takwimu, ilikuwa maabara na ni ya kupanga foleni, na kwenye simu haiingii, kwa kuwa imetengenezwa kwa ajili ya kompyuta za kawaida na simu hizi zinatumia prosesa za ARM. R, programu nyingine ya takwimu, ndiyo ilikuwa tumaini langu, maana ni ya bure na Debian, mfumo wa kompyuta wa jamii ya Linux, wanayo iliyotayarishwa kwa ARM. Kilichobaki ni kuipata hiyo Debian.

Watu wengi wakisikia Linux kwenye simu wanadhani lazima uiruti, yaani uvunje kufuli za mfumo ushike madaraka yote. Sikutaka hilo. Programu nyingi za benki hukataa kufunguka kwenye simu iliyorutiwa, na simu ndiyo pochi yangu. Halafu si lazima. Android yenyewe imekaa juu ya kiini cha Linux, kile alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, kwa hiyo injini tayari unayo mfukoni. Unachokosa ni chumba cha kuwekea Debian na mtu wa kuidanganya kwamba chumba hicho ni nyumba nzima. Mdanganyifu huyo anaitwa proot. Kila Debian inapouliza "niko wapi, mimi ni nani?" yeye hudaka swali njiani na kujibu: uko kwenye mzizi wa diski, na wewe ndiye mkuu. Uongo mtupu, lakini unafanya kazi.

Nilipakua Termux, programu ya kuandikia amri za Linux kwenye simu, kutoka F-Droid, duka la programu huria, nikasubiri bando la usiku, na saa sita nikaanza kuandika:

pkg update
pkg install proot-distro
proot-distro install debian
proot-distro login debian

Hapo Debian inakuwa imeshaingia, ila ni maandishi meupe kwenye skrini nyeusi tu. Ndani yake niliongeza mazingira ya mezani, yaani madirisha na vitufe vya kubofya, na vitendea kazi:

apt update
apt install xfce4 dbus-x11 tigervnc-standalone-server libreoffice r-base

Amri hii ya mwisho ilinikesha. Kule kudaka maswali njiani kuna gharama yake, na kazi yoyote inayogusa faili ndogondogo nyingi inakwenda kwa mwendo wa kinyonga. Nililala, nikaamka alfajiri nikaikuta bado inafungua vifurushi. Kwa mazingira ya mezani nilichagua XFCE kwa sababu ni nyepesi. Mazingira mazito yangekula RAM yote kabla sijafungua hata ukurasa mmoja.

Sasa skrini. Hapa nilipoteza shilingi 30,000 kijinga. Nilinunua adapta ya kutoa picha kwenda kwenye runinga, nikachomeka, runinga ikaniangalia nami nikaiangalia. Kumbe tundu la USB-C linaweza kufanana kwa umbo na lisifanane kwa uwezo. La simu yangu ni la kuchaji na kuhamisha faili tu, halitoi picha kabisa. Kabla ya kununua adapta ya aina hiyo, tafuta kwanza kama modeli yako ina DisplayPort kwenye USB-C. Simu nyingi za bei ya kawaida hazina.

Iliyoniokoa ni tableti kuukuu ya mwenzangu wa chumbani, yenye ufa kwenye kona, aliyokuwa akiitumia kuangalizia tamthilia. Niliwasha hotispoti kwenye simu, tableti ikaunganika, nikaweka humo programu ya kutazama VNC, njia ya kuonyesha skrini ya kifaa kimoja kwenye kingine. Simu ikawa kompyuta, tableti ikawa kioo chake. Bando haliguswi, maana picha inasafiri baina ya vifaa viwili vilivyo juu ya meza moja. Mara ya kwanza tableti iligoma kabisa kuunganika. Nilihangaika jioni nzima nikibadilisha nywila, kumbe seva ya VNC ya Debian kwa kawaida hukubali wageni wa ndani ya kifaa chenyewe tu. Ukiiwasha hivi, inafungua mlango:

vncserver -localhost no :1

Kwenye tableti unaandika namba ya IP ya simu, kisha 5901. Weka nywila ya maana, na hotispoti usiiache wazi.

Kibodi nilianza na ya waya, kwa kutumia OTG, kiunganishi cha kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu. Kosa. Tundu ni moja. Ukichomeka kibodi huchaji, na chaji ya simu inayoendesha LibreOffice, programu ya kuandikia, na hotispoti kwa pamoja inashuka unaiona. Niliirudisha dukani, nikaongeza hela, nikachukua ya bluetooth.

Siku ya nne, nikiwa katikati ya sura ya tano, kioo cha tableti kiliganda. Nikarudi kwenye simu, nikakuta mstari huu:

[Process completed (signal 9) - press Enter]

Nikawasha upya. Dakika ishirini, ikafa tena. Nilidhani RAM imejaa, nikafunga kila kitu. Ikafa. Nilidhani simu ina joto, nikaiegemeza kwenye chupa ya maji baridi iliyofungwa taulo, mwenzangu akacheka mpaka akaketi chini. Ikafa vilevile.

Muuaji alikuwa Android. Kuanzia toleo la 12, mfumo unahesabu michakato midogo iliyozaliwa na programu, na ikizidi 32 kwa simu nzima, unaanza kuifyeka. Kwa programu za kawaida hilo halina neno. Lakini eneo-kazi zima la Linux, kwa macho ya Android, ni programu moja yenye watoto lukuki: paneli ni mtoto, kidhibiti cha madirisha ni mtoto, LibreOffice ni mtoto. Ukifungua na R, umevuka.

Dawa yake ni amri moja tu, lakini lazima ipite kwenye adb, chombo cha kuiamuru Android kutoka nje, na adb kwa kawaida huendeshwa kutoka kwenye kompyuta. Kompyuta ambayo, kama nilivyosema, ilinuka moshi. Basi nikaifanya simu ijiamuru yenyewe. Niliwasha chaguo za wasanidi kwa kugonga namba ya toleo mara saba, nikawasha utatuzi usiotumia waya, na ndani ya Termux, nje ya Debian, nikasakinisha android-tools, yenye adb ndani yake. Simu inakupa msimbo wa tarakimu sita na namba ya mlango, unaziandika kwenye Termux. Tatizo: ukitoka kwenye ukurasa wa mipangilio kwenda Termux, msimbo unafutika. Mara tatu nilikimbizana nao. Suluhisho ni kugawa skrini, mipangilio juu, Termux chini, na vidole vyembamba:

adb pair localhost:MLANGO
adb connect localhost:MLANGO
adb shell settings put global settings_enable_monitor_phantom_procs false

Angalia jambo moja lililonitoa jasho: mlango wa kuunganisha si ule wa kupatanisha. Wa kupatanisha uko kwenye kidirisha chenye msimbo, wa kuunganisha uko kwenye ukurasa ulio nyuma yake. Kwenye Android 14 wameweka kitufe cha kuzima kizuizi hicho ndani ya chaguo za wasanidi, mwenye simu mpya hahitaji kupitia yote haya.

Tangu siku ile signal 9 sikuiona tena. Niliiondoa Termux kwenye uangalizi wa betri na kuzoea kuandika termux-wake-lock kila ninapoanza, simu isisinzie. LibreOffice nayo niliipangia kuhifadhi nakala kila dakika mbili badala ya kumi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kazi yenyewe ilikwendaje? LibreOffice ilichukua karibu dakika nzima kufunguka, ikishafunguka inaandika bila kinyongo. R iliyasoma madodoso yote 214 kufumba na kufumbua, na grafu zake zilinitosha. Times New Roman haikuwemo, lakini Liberation Serif ina herufi zenye upana uleule, hivyo kurasa hazikuhama. Maoni ya msimamizi wangu, aliyekuwa akiandika kwenye Word, yalionekana pembeni kama yalivyo, hata pale alipoandika "HAPA UNAMAANISHA NINI?" kwa herufi kubwa. Siku mama alipopiga simu nikiwa katikati ya jedwali nilishtuka, nikapokea, tukaongea mahindi na ada ya mdogo wangu, nikarudi nikakuta jedwali linanisubiri palepale.

Yasiyowezekana yapo. Chochote kinachotegemea systemd, msimamizi wa huduma za Linux, hakiwaki. Kivinjari cha Chromium kinakataa mpaka ukiongezee --no-sandbox, mimi nikakiacha nikabaki na Firefox. Na kitu kimoja usikipuuze: ukiiondoa Termux kwenye simu, Debian yote na mafaili yako inaondoka nayo bila kuuliza. Kabla ya yote andika termux-setup-storage, na kila jioni nakili kazi kwenda /sdcard, halafu jitumie na barua pepe.

Siku ya kuchapa nilipeleka faili la Word steshenari. Kijana akalifungua, na jedwali la ukurasa wa 61 likawa limemwagika hadi wa 62. Nilikaa pale pale kwenye benchi, nikatoa simu, nikawasha Debian kwenye kioo chake chenyewe kidogo, nikigusa vitufe vya ukubwa wa punje ya mchele kwa ncha ya kalamu ya tableti, nikatoa PDF. Kijana alinitazama, akauliza hiyo ni simu gani. Nikamwambia ni ya kawaida, anipunguzie bei ya kuchapa rangi. Hakupunguza.

Sauti kwenye Debian sijaipata mpaka leo. Tableti nimeirudisha, ufa uleule.