Ninavyouza dagaa Kibirizi bila kuchezea kilo

Nanunua dagaa wabichi kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, nawakausha, kisha nawauza kwa kilo kwa wafanyabiashara wa Tabora na Dar es Salaam. Mithali 11:1 inasema wazi kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Jumapili kanisani mstari huo hausumbui. Unasumbua Jumatatu, ada inadaiwa, mteja amesimama mbele yako, na unajua ukimwongezea kilo mbili za uongo kwenye gunia hatashtuka. Ndiyo maana mambo yangu nayaamua mapema, moyo ukiwa umetulia, na kazi naipanga hivi kwamba hata nikishawishika, kudanganya kuwe kugumu.

Kilichonipa kazi kubwa ni mchanga. Dagaa wabichi wakianikwa ufukweni hunatwa na mchanga, na mchanga una uzito. Mizani yako inaweza kuwa na muhuri halali wa Wakala wa Vipimo, na bado ukamuuzia mtu mchanga kwa bei ya dagaa. Tulikaa na mume wangu tukakubaliana kutengeneza chanja: nguzo za miti zinazofika kiunoni, juu tumetandika wavu. Zilikula sehemu ya mtaji, na sijutii. Siku ya kuuza namwaga gunia kwenye turubai mteja akiona. Anaingiza mkono mpaka chini, anaokota dagaa wa katikati na kumvunja. Aliyekauka anakatika kwa mlio; mwenye unyevu anajikunja tu. Masika hapo ndipo penye mtihani, kwa sababu unyevu nao unaongeza kilo, halafu mzigo unavunda njiani kabla haujafika Dar. Akiridhika, tunapima.

Bei yangu iko juu kidogo ya wenzangu. Wapo wateja walionihama, na iliniuma. Waliobaki wengi wanauzia mama ntilie, watu wanaojua hasara ya sufuria zima la mboga kumwagwa kwa sababu ya mchanga.

Kuna jaribu jingine ambalo hatulisemi sana kwenye jumuiya zetu: risiti. Kijana aliyetumwa na tajiri wake aliniambia, "Mama, andika bei ya juu kidogo, inayozidi tugawane. Yeye yuko Dar, atajuaje?" Nikamjibu, "Mwanangu, bei nimeshamtumia tajiri wako kwenye simu tangu asubuhi." Ilikuwa kweli. Ni kawaida yangu kumpa mwenye pesa bei kabla ya kupakia, na tukishapima namtumia picha ya mizani. Kijana alinuna, akapakia mzigo, akaondoka. Sikumwita mwizi mbele ya wapakiaji. Naamini kumsitiri mtu nako ni sehemu ya Ukristo wetu, mradi usishiriki jambo lake.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Tarehe tulizijua kabla, kwa hiyo nilikuwa nimeweka akiba kidogo na kuhamia kwenye mawese, nanunua madumu Mwandiga na kuyauza mjini. Bado usiku mmoja niligongewa mlango. "Mama, hawa wametoka majini sasa hivi, nakupa kwa bei ya bure." Ndoo ilikuwa imejaa, na chanja zangu zilikuwa tupu. Nilimwambia, "Ziwa likifunguliwa niletee wa kwanza kabisa, nitakulipa taslimu. Hawa siwezi, mwanangu." Hakubisha. Naye ana watoto, na nilimwombea usiku ule kuliko nilivyojiombea mwenyewe.

Mawese hayakufikia faida ya dagaa. Ada ya binti yangu aliye bweni ilipokosekana, nilikwenda shuleni mwenyewe, nikamweleza mhasibu hali halisi bila kumwahidi tarehe nisiyoiweza. Tukaandikiana kulipa kwa awamu, na awamu ya mwisho niliimaliza dagaa walipoanza kupatikana tena.