Pamba alijua siku zake

Nilipomkuta siku ya kwanza nilidhani anaumwa. Pamba alikuwa amejibanza kwenye pembe ya banda, nyuma ya mbao zilizoegemezwa ukutani, mkia ameutandaza kama upepeo, na nilipomsogezea mkono alinifokea kwa sauti ya tairi inayotoa upepo. Bata huyu nilimlea mwenyewe tangu akiwa kifaranga anayeenea kiganjani. Alizoea kunifuata mpaka mlangoni na kulala juu ya miguu yangu. Leo hataki hata nimwangalie. Nikainama vizuri, nikaona kifua chake kimenyonyoka. Manyoya laini ameyang'oa kwa mdomo wake mwenyewe na kuyatandika chini. Katikati ya manyoya hayo kulikuwa na mayai 14.

Alikuwa amenificha kwa zaidi ya wiki mbili. Bata hutaga yai moja moja, akalifunika na kuondoka kama hakuna kitu, na haanzi kuatamia mpaka aone yametosha. Mara zote za nyuma tulimwondolea mayai yake, naye alikuwa akirudi pale penye kiota, anazunguka, anatafuta. Sikutaka kuiona tena hali ile. Nikamwambia mdogo wangu asiguse yai hata moja.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa penseli. Tulikuwa na majike wengine wawili, na nilijua kwamba Pamba akitoka tu, mmoja wao angeingia kutaga humo humo. Yai lililochelewa wiki moja haliwezi kuwahi wenzake: mama ataondoka na vifaranga waliokwisha kutoka, nalo litaachwa lipoe na kitoto ndani. Basi kila yai nikaliwekea msalaba, na kila jioni nikatoa lisilo na alama. Alinibana kidole kwa mdomo na kukisokota mara nyingi, lakini siku ya nne au ya tano aliacha, akabaki kufoka tu.

Mara moja kwa siku alitoka. Nilikuja kuipenda saa hiyo kuliko zote. Kwanza aliyavuta manyoya na kuyafunika mayai yote, polepole, mpaka huoni hata moja. Kisha anatoka mbio mbawa zimejitawanya, anaachia kinyesi kikubwa cha kunuka alichokibana siku nzima, anakula kwa pupa, halafu moja kwa moja kwenye beseni nililomjazia maji. Anazamisha kichwa, anajimwagia mgongoni, anapiga mbawa. Haikuzidi nusu saa. Alirudi kiotani tumbo likiwa limelowa, na mimi mwanzoni nilitaka kumfuta, nikihofia mayai yatapata baridi. Nashukuru sikufanya hivyo. Unyevu ule mayai ya bata yanauhitaji. Yakikauka mno, utando wa ndani hukakamaa na kifaranga anashindwa kutoka.

Usiku wa nane nikaenda na tochi. Nilitoa mayai mawili mawili, nikaufunga mwanga kwa vidole mpaka ukabaki tundu dogo, nikaliegemeza yai upande wake butu. La kwanza lilikuwa jeupe tupu, kama siku lilipotagwa. La pili likanifanya nishike pumzi: doa jeusi, na kutoka kwenye doa mishipa myembamba myekundu imetambaa kila upande kama miguu ya buibui, na lile doa likajitikisa. Usiku ule niliondoa mayai matatu yasiyo na kitu. Wiki mbili baadaye nikaondoa jingine lililokuwa limetoa jasho la kahawia na harufu yake. Yai viza likipasuka chini ya mama huchafua na kuua mengine, kwa hiyo nililibeba kwa mikono miwili kama kitu cha kulipuka. Yakabaki 10.

Rafiki mmoja mfugaji alikuwa ameniambia mayai ya bata huanguliwa baada ya siku 28. Siku ya 28 nilikaa bandani tangu alfajiri. Hakuna. Siku ya 29, hakuna. Ya 30 Pamba alikuwa amekonda, ukimshika unauhisi mfupa wa kifua, na uso wake mwekundu umepauka.

"Dada," mdogo wangu akasema, "hayo yameshakufa. Mtoe huyu bata kabla hujamkosa naye."

Sikuwa na jibu. Usiku huo nilimulika yai moja: giza tupu, isipokuwa kile chumba cha hewa upande butu. Nikangoja. Kwenye ukingo wa giza kitu kikasukuma, kikarudi. Nikalirudisha yai haraka mikono ikinitetemeka, na asubuhi nikampigia simu daktari wa mifugo. Aliniuliza swali moja tu: huyo bata ana vinundu vyekundu usoni, na hulia kwa kufoka badala ya kwekweta? Ndiyo. Basi, akasema, huyo ni Muscovy. Bata wengine wa kufugwa wana asili ya yule wa mwituni mwenye dume la kichwa cha kijani, na hao ndio wa siku 28. Muscovy ni jamii nyingine, asili yake Amerika ya joto, na mayai yake huchukua siku 35.

Nilirudi bandani nikakaa chini karibu naye. Sikuweza kusema kitu. Nilikuwa nimebakiza kidogo sana nimwondolee.

Jioni ya siku ya 34 nikasikia sauti chini yake, nyembamba, kama msumari unaokwaruza kigae, na Pamba akaijibu kwa mlio wa chini ambao sijawahi kuusikia kwake. Kesho yake usiku walikuwa wanane, manjano wenye mabaka meusi. Mayai mawili yalibaki. Moja halikuwa na ufa wowote, na ndani yake palikuwa kimya. La pili lilikuwa na tundu tangu jana, mdomo unaonekana, unafunguka na kufunga, lakini utando umekauka na kuwa kama ngozi ya ngoma.

Asubuhi Pamba alisimama. Alitaka kutoka na watoto. Nikalichukua lile yai ndani, nikalifunga kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, nikaanza kubandua ganda kwa ukucha, chembe chembe. Mara damu ikachomoza, tone moja kama kichwa cha pini. Nikaacha palepale. Damu maana yake mishipa bado inafanya kazi na kiini hakijamalizika kuingia tumboni. Ukimtoa wakati huo unamuua. Nikalowesha utando, nikalifunika, nikangoja saa tano. Hizo saa tano zilinishinda kuliko siku zote 35. Nilipofunua tena mishipa ilikuwa imenyauka. Nikaondoa kofia ya ganda, naye akajinyoosha shingo, akasukuma miguu, akalala kwenye kiganja changu akiwa ameloa na kuhema.

Usiku nikamtelezesha chini ya bawa la Pamba. Alikigeuza kichwa, akamgusa kwa mdomo, akatulia. Lile yai la kimya nililizika nyuma ya banda.

Kulipokucha walitoka wote kwenda kwenye sahani ya maji, mama mbele. Nilihesabu tisa. Wa mwisho alikuwa akiyumba, na kipande kidogo cha ganda kilikuwa bado kimemgandia mgongoni.