Nilinunua diski mpya, kumbe shida ni RAM

Mtu akikwambia kompyuta inayozimika ovyo "ni virusi tu, piga Windows upya", muulize kwanza kama amepima RAM, ile kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta hushikilia kazi inayoendelea. Ushauri huo ulinila wiki tatu na kama elfu sita hivi, tena Juni, mwezi ambao saiba yangu hapa Kayole hujaa watu wanaowahi kuwasilisha ritani za kodi za KRA (mamlaka ya ushuru ya Kenya) kabla ya tarehe 30.

Mashine namba nne asubuhi ilikuwa shwari. Mchana, kurasa kumi zikifunguliwa na ile fomu ya KRA ya Excel juu yake, skrini ya bluu ya kosa la Windows: MEMORY_MANAGEMENT. Kesho yake, PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Mama mmoja ilimzimikia akiwa karibu kumaliza. "Mwanangu, kweli nianze tena?" Sikumtoza hata shilingi, na bado niliumia.

Fundi akaja kupiga Windows. Ikafika asilimia 37, ikadai faili imeharibika. Akabadilisha flashi, ikagoma kwenye 62. Akarudia na ile ya kwanza. Ikapita 37, ikagoma kwengine kabisa. Jibu lilikuwa mbele yetu! Faili ni zilezile, flashi ni ileile, lakini uharibifu unahama: basi zinaharibika njiani, ndani ya RAM. Yeye akasema diski imekufa. Nikanunua mpya, Windows ikaingia kwa bahati, na siku ya pili bluu ikarudi.

Hapo nikaamua kujifanyia. Memtest86+ ni programu ya bure ya kupima RAM, unaiweka kwenye flashi na kuwashia kompyuta kutoka humo. Mzunguko wa kwanza haukuonyesha kosa lolote, na wengi huishia hapo. Mimi nililipia tokeni za umeme za kutosha, nikaiacha ikesha. Saa kumi na moja alfajiri nikafungua mlango, nikakuta mistari myekundu imejaa skrini, na anwani zake zinakaribiana, zote upande wa juu wa kumbukumbu. Pengine ndiyo maana asubuhi haikusumbua: kazi ndogo hutumia kumbukumbu kidogo, si rahisi iguse sehemu mbovu.

Vipande vya RAM vilikuwa viwili, vya gigabaiti 4 kila kimoja, vinafanana kama pacha. Nilichomoa waya wa umeme, nikashika chuma cha kasha ili kutoa umeme tuli mwilini, nikavitoa. Kimoja nikakitia nukta ya rangi ya kucha kwenye kibandiko chake. Nikasugua meno ya dhahabu yanayoingia kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta) kwa raba ya shule, maana uchafu nao huleta makosa hayohayo. Halafu nikapima kimoja kimoja. Chenye nukta, makosa. Nikakihamishia nafasi ya pili, makosa. Kile kingine nikakiweka palepale pa kwanza, usiku mzima hakuna hata mstari mmoja. Kwa hiyo madabodi haina neno.

Nilienda Luthuli, barabara ya maduka ya elektroniki mjini Nairobi, na kile kibovu mfukoni, kwa sababu RAM zina aina zake, na DDR3 haiingii penye DDR4. Ule mkato wa chini umekaa pengine. Nikapata cha mtumba kwa elfu moja na kitu, nikakubaliana na muuzaji nikilaze kwenye kipimo usiku mmoja, kikikosea nirudishe. Kilipita.

Yule mama alirudi tarehe 28. Nilimkalisha namba nne, akajaza mpaka mwisho, nikamchapishia risiti yake ya KRA.