Weusi wa kwenye deraya umetoka

Umetoka! Ule weusi wa rangi ya zamani uliokuwa umeganda kwenye deraya za askari wangu wa vinyago umetoka wote, na sasa pete za chuma zinahesabika moja moja.

Kundi lenyewe ni lile la milimita 25 nililolinunua mtumba hapa Nottingham. Ni wa enzi za kuundwa kwa risasi, ile metali laini na nzito, kabla watengenezaji wengi hawajahamia aloi za bati miaka ya 1990. Ukimshika mmoja unajua tu: mzito, na upanga wake unapinda kwa kidole. Mmiliki fulani aliwapaka enameli, yaani rangi ngumu ya mafuta, mwingine akaja kupaka akriliki, rangi ya maji, juu yake bila kukwangua chochote.

Akriliki haikunisumbua. Dettol isiyotiwa maji, usiku kucha, mswaki, basi. Kusuuza kwanza ni kwa Dettol hiyohiyo. Maji yakitangulia, rangi inakuwa ulimbo.

Enameli ndiyo iliyonitoa jasho. Spiriti ya isopropili haikuifanya kitu. Asetoni ikaibandua mabegani na migongoni vizuri kabisa, ila kwenye deraya na mikunjo ya majoho, wapi! Naloweka, natoa, napiga mswaki, nasuuza, nakausha: weusi uleule. Sindano niliiweka kando, maana risasi ni laini na kila mchokoo ni kovu. Brashi ya waya wa shaba nayo vivyo hivyo; anayewashauri muitumie, mwambieni awaonyeshe askari wake kwanza. Na siki msithubutu: asidi yake inaila risasi na kuacha unga mweupe.

Jibu nililiona kwenye lenzi, nilipomtazama mmoja akiwa bado amelowa. Rangi ilikuwa imelainika hadi chini kabisa! Lakini asetoni hukauka hewani kwa sekunde chache tu, na rangi ile huganda tena humohumo shimoni kabla mswaki haujaifikia. Kumsugua nje ya chombo ni kumpaka upya.

Basi mswaki unazama pamoja na askari. Bakuli la kioo, asetoni imfunike, kibano mkono mmoja, mswaki wa nywele zilizopunguzwa mkono wa pili, unasugua ndani kwa ndani. Kisha, kabla hajapata hewa ya kutosha, anatumbukia kwenye mtungi wa pili wenye asetoni safi. Bila huo mtungi wa pili hamna kitu.

Madirisha wazi, jiko limezimwa, glovu nene za butili, kwa sababu zile nyembamba za bluu asetoni inazipenya. Supaglu nayo inaachia, kwa hiyo ngao na mikono imetapakaa bakulini. Masalia hayaendi kwenye sinki, yana risasi. Mashine yangu ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti inakula vumbi kabatini: asetoni haitiwi humo, mvuke wake unashika moto, na kwa maji ya sabuni enameli haitikisiki.

Mpango ulikuwa praima ya kijivu, ile rangi ya kutangulia, wikendi hii. Lakini nilipomfuta mkuu wao kwa kitambaa akaanza kung'aa, nikadondosha wino mweusi kwenye deraya, nikapangusa juu. Jamani! Huyu simpaki. Vanishi tu, joho peke yake lipate wekundu. Wapiga mishale wakae koponi na enameli yao kwanza, mimi natafuta wino wa kahawia.