Umekaza lini?

Jumapili mjomba, fundi wa mitumbwi, aliingia bandani bila hodi, kama kawaida yake, vumbi la randa bado kwenye nyusi. Nilikuwa ndiyo nimemaliza kufunga spina, ile kofia ya propela ya ndege yangu, niliyoingoja tangu Pasaka. Nilitaka aisifie. Skrubu 12, zote zimelala. Nilishaipima kwa penseli iliyofungwa kwenye kigoda: ukiizungusha, ncha haiyumbi hata kidogo.

Hakuitazama. Aligonga ubao wa propela kwa kidole.

"Boliti za humu umekaza lini?"

"Machi."

"Machi mvua ilikuwa inanyesha."

"Ndiyo, mjomba."

"Haya."

Basi. Akaomba maji, akamtania Bahati kuhusu Simba, akateremka zake Kirumba.

Hiyo "haya" imenitafuna wiki nzima. Jumanne kikaoni, wakati wanasomwa wanaohamishiwa Geita (mimi simo), kichwani nilikuwa namjibu: mjomba, huu si mtumbwi. Hizi ni mbao nyembamba zilizogundishwa tabaka kwa tabaka, zikapigwa vanishi kiwandani. Grace kajifungua salama Jumatano, wa kike, na hata pale wodini nilikuwa bado namjibu. Kinachoniudhi ni kwamba hakubishana. Angebishana ningemweza.

Tatizo, nimekulia Mwaloni miguuni pake. Mtumbwi ukilazwa mchangani kiangazi, mbao zinasinyaa mpaka pamba ya kalafati, ile ya kuziba nafasi kati ya mbao, inachungulia. Ukirudi majini unavimba, unajiziba wenyewe. Na kitabu cha propela kinasema hayo hayo: mbao huvimba kwenye unyevu na kusinyaa kwenye ukavu, msimu ukibadilika pima boliti upya. Nilikisoma. Nilipigia na mstari! Halafu nikaja kuzifunika boliti kwa spina kwa sababu inapendeza. Sasa ni Agosti, kiangazi.

Alhamisi usiku nikafungua skrubu zote 12. Plagi za injini nilishazitoa, maana propela haiaminiki hata injini ikiwa imezimwa. Nikakata waya za usalama zinazozuia boliti kujifungua, nikashika spana ya kipimo, ile inayolia mkazo ukitimia, nikawa nakaza kwa kuvuka, boliti hii kisha ya mkabala wake. Zote 6 zilizunguka kabla spana haijalia. Ya nne ilienda karibu robo mzunguko.

Nikakaa juu ya debe. Watu hudhani boliti ndizo zinazoizungusha propela. Kazi kubwa inafanywa na mbano, mbao imekandamizwa kwenye sahani ya injini. Mbano ukilegea, mbao inaanza kusugua, inaungua, matundu yanapanuka, mwisho boliti zinakatika. Na mimi nilikuwa napima ncha ya kofia kwa penseli.

Nikamaliza saa saba usiku. Nikapima ncha za propela dhidi ya kigoda: zimepishana milimita 2, kitabu kinaruhusu 3. Nikafunga waya mpya, nikarudisha spina, nikacheka peke yangu mpaka mama Bahati akachungulia dirishani kuuliza kuna nani humo.

Asubuhi nikampigia. "Mjomba, nimekaza."

"Umekaza nini?"

Alishasahau. Siku tano mimi silali!

Mama naye ameanza tena kushika kuta akitoka uani jioni. Anasema ni giza. Taa ilikuwa inawaka.