Kabla hujakubali kupigiwa Windows upya

Fundi akikwambia SSD, yaani diski inayotunza Windows na mafaili yako, imekufa, muulize swali moja kabla hujatoa hela: kwenye BIOS, ule ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kabla Windows haijapanda, inaonekana? Natamani kila mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) alijue swali hili, maana kazi za watu zinapotea kwa haraka tu ya kupiga Windows, yaani kuifuta diski na kuiweka Windows upya.

Juzi binti wa jirani yangu hapa Nkuhungu alikuja na laptop yake. "Shikamoo mjomba, imegoma." Taa inawaka, feni inazunguka, kisha maandishi meupe kwenye kioo cheusi: hakuna diski ya kuwashia. Mjini alishaambiwa anunue SSD nyingine. Humo ndani kuna tasnifu yake na mahojiano ya wakulima wa zabibu wa Mpunguzi, na nakala nyingine hana.

Nikaingia BIOS. SSD ilikuwepo, jina na ukubwa wake kamili. Ila tarehe ilisoma Januari 1, 2013. Hapo nikamwambia, mwanangu, tulia, diski yako ni nzima.

Ubao wa kompyuta una betri ndogo ya CR2032, ile bapa kama sarafu. Kwenye mashine nyingi za zamani ndiyo inayotunza saa na mipangilio ya BIOS umeme ukiwa haupo. Betri kubwa ya laptop hii ilishakufa, anaitumia kwa chaja tu. Alipokwenda likizo akaiacha imechomolewa, ile ndogo ikaishiwa, BIOS ikarudi ilivyotoka kiwandani: kuwasha kwa mtindo wa zamani uitwao Legacy. Windows yake iliwekwa kwa mtindo mpya, UEFI. Mashine ikawa inaiona diski lakini inaipita, bila kutambua kuwa ina Windows ya kuwashia.

Hata hivyo sikugusa mipangilio kwanza. Nilichomoa SSD, nikaitia kwenye kasha la USB, tukanakili kila kitu kwenye kompyuta yangu. Alipolifungua faili la mahojiano likasoma, akashusha pumzi. Betri ndogo ilikuwa imevikwa plastiki nyeusi, na waya mbili, nyekundu na nyeusi. Mita ikasoma volti 1.6, mpya huwa na 3. Nikabadilisha, nikarudisha UEFI, nikarekebisha tarehe, Windows ikapanda.

Angepigiwa Windows upya na diski ikafomatiwa, yaani ikafutwa, ingekuwaje? Windows ikifomati SSD huiarifu kuwa nafasi yote ni tupu, nayo husafisha yenyewe. Programu za kurejesha mafaili zinazosaidia kwenye diski za zamani za kuzunguka, hapa mara nyingi haziambulii kitu. Hili linaniumiza, kwa sababu mwenye mashine haambiwi.

Kama BIOS haiioni SSD, ichomoe na kuirudisha vizuri. Vumbi letu la Dodoma huingia kila mahali, futa meno yake kwa spiriti. Ijaribu pia kwenye mashine nyingine. Na kama umewasha BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski nzima, tafuta namba zako 48 za kufungulia kabla hujabadilisha chochote kwenye BIOS, maana huenda ukaulizwa.