Chipukizi Jeupe la Ueno

Nilikuwa mwanafunzi Tokyo, na siku ile nilikuwa naikimbia mvua tu nilipoingia kwenye ukumbi wa maonyesho ya mimea jirani na bustani ya Ueno. Vyungu vidogo vyeusi vilipangwa mezani, kila kimoja na okidi ya ukubwa wa kiganja. Maua hamna. Watu wameinama, wanachungulia majani!

Zilikuwa fukiran, yaani furan, okidi ndogo za porini, zilizochaguliwa kwa maumbile yasiyo ya kawaida. Husimuliwa kwamba Tokugawa Ienari, shogun (mtawala wa kijeshi wa Japani) wa 11 wa ukoo wake, alizipenda mno, na wakubwa wa enzi hizo wakizifunika kwa wavu wa dhahabu.

Mimi nilinaswa na mmea mmoja wenye mistari, uliotoa chipukizi jeupe pepepe. Nikamuuliza mzee muuzaji bei ya chipukizi. Akacheka kidogo, akanipa kioo cha kukuzia.

"Rangi iache kwanza."

Akanionyesha tsuke, pale jani linapoungana na kikonyo chake. Kuna kamstari kembamba: kwa mimea mingi kamepinda kama mwezi mwandamo, kwa mingine kama wimbi au kilima, na mingine haina kabisa. Kisha ncha za mizizi: za kijani, za hudhurungi, hata nyekundu ya kung'aa. Jani laweza kubadilika rangi kwa jua, akasema, lakini tsuke huutambulisha mmea.

Ndipo tukarudi kwenye mistari. Ikizunguka ukingo wa jani ni fukurin, nayo hutulia. Ikipita toka shinani hadi nchani ni shima, na shima ni bahati nasibu, kwa sababu chembe za kijani na nyeupe zimechanganyika kwenye ncha inayokua. Chipukizi likiota palipo kijani, mistari imepotea. Likiota palipo peupe huitwa yurei, mzimu: halina kijani cha kujipikia chakula, linanyonya kwa mama, na ukilitenga linakufa. Kwa hiyo mnunuzi makini hutafuta michirizi myembamba, tena kwenye majani ya pande zote mbili za shina.

Nikamwambia kwamba hata hivyo lile jeupe ndilo zuri kuliko yote mezani.

"Hata mimi naona hivyo," akajibu, akaniuzia furan ya kijani tupu.